UZI: Taji na daraja la meno, anza kuuliza habari za kisiki, kauri baadaye

Gego_la_Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Swali linalorudi kila mara ni lile lile: taji la zirkonia au la poseleni (zote ni kauri), lipi linadumu? Hapo mnaanzia juu ya paa. Taji likifeli, mara nyingi kilichofeli ni kisiki, yaani jino lililochongwa ili libebe taji: jino limeoza chini ya ukingo wa taji, mzizi umepasuka, au jino lilichongwa fupi hadi saruji ya kugandishia taji ikakosa pa kushika. Kauri kuvunjika kupo, ila si ndiko kunakowarudisha watu wengi kliniki. Kwa hiyo tutaanzia chini, tupande.

Taji, au kofia kama wengi wanavyoiita, ni ganda linalofunika sehemu yote ya jino iliyo juu ya fizi. Linafaa pale kuta za jino zimebaki chache kiasi kwamba kuziba tu hakutoshi: gego lililotibiwa mzizi, gego lenye ufa, jino lenye kizibo kikubwa kilichokula zaidi ya nusu ya upana wake. Gego lililotibiwa mzizi linahitaji kufunikwa kwa sababu moja ya kimakanika. Dari la chumba cha neva limetobolewa, na kuta zilizobaki hutanuliwa nje kila unapouma. Ipo siku utauma kokwa, ukuta mmoja utachanika hadi chini ya mfupa, na hapo hakuna fundi. Jino la mbele ni habari nyingine. Kama lina tundu dogo tu kwa nyuma baada ya kutibiwa mzizi, kompositi (kizibo cha rezini chenye rangi ya jino) inatosha. Anayekusukuma uvalishe taji jino la namna hiyo, mwambie akuonyeshe sababu kwenye eksirei.

Sasa kisiki. Kipimo cha kwanza ni ukanda wa jino lenyewe, jino halisi na si kompositi, unaozunguka kisiki juu ya ukingo wa taji. Unatakiwa uwe na kimo cha milimita 2, ukizunguka pande zote au karibu zote. Huo ukanda ndio unaokumbatiwa na taji. Ukikosekana, nguvu yote ya kutafuna inaishia kwenye kiungo kati ya kizibo na mzizi, na taji litatoka likiwa na kizibo chake ndani. Kipimo cha pili ni kimo cha kisiki kizima baada ya kuchongwa: angalau milimita 3 kwa meno ya mbele na magego madogo, 4 kwa magego makubwa.

Kuhusu kigingi cha ndani ya mzizi, kile cha nyuzi za kioo au cha chuma: hakiimarishi jino. Kazi yake ni kushikilia kizibo pale ambapo hakuna ukuta wa kukishikilia. Kila milimita unayopanua mzizi ili kukipitisha unaupunguzia nguvu. Na kule nchani ni lazima zibaki milimita 4 hadi 5 za kijazo cha mzizi, vinginevyo umefungua mlango wa bakteria uliokuwa umezibwa.

mkaazi_wa_Tandika

Mkuu shukrani. Na jino likiwa limekatika usawa wa fizi kabisa, mzizi bado mzima?

Gego_la_Sita

Hapo kuna njia tatu. Ya kwanza, kushusha fizi pamoja na mfupa kidogo kwa upasuaji ili jino litokeze. Kanuni ni kwamba kutoka ukingo wa taji hadi mfupa zibaki kama milimita 3. Ukiukaribia mfupa zaidi ya hapo, fizi itabaki nyekundu na kutoa damu maisha yote hata upige mswaki vipi. Ya pili, kuuvuta mzizi utoke nje polepole kwa waya, kazi ya wiki kadhaa. Ya tatu, kung'oa. Mizizi mingi iliyokatika usawa wa fizi, hasa ile mifupi, inastahili hiyo ya tatu, na ni afadhali kuambiwa mapema kuliko kulipia kigingi, kizibo na taji vikae mwaka mmoja.

DktShina

Niongezee upande wa kuchonga, maana hapa ndipo mgonjwa haoni kinachofanyika.

Kila aina ya taji inadai nafasi yake. Chuma kitupu ndicho chenye huruma kuliko vyote: milimita 1 hadi 1.5 juu kwenye uso wa kutafunia, na ukingoni 0.5 tu. Zirkonia ya kipande kimoja: 1 hadi 1.5 juu, ukingoni 0.5 hadi 1. Litiamu disiliketi, kauri ya jamii ya kioo, inataka 1.5 hadi 2 juu na 1 ukingoni. Chuma kilichopakwa poseleni ndicho mlaji mkubwa: upande wa mbele 1.2 hadi 1.5, na juu 2 pale poseleni inapofunika uso wa kutafunia, kwa sababu unabeba tabaka la chuma, tabaka la kuficha weusi wa chuma, kisha poseleni yenyewe.

Kuta za kisiki zinatakiwa zikaribiane kidogo kuelekea juu. Vitabu husema nyuzi 6 kwa jumla ya pande mbili. Mkononi, 10 hadi 20 ndiyo hali halisi na inakubalika. Zaidi ya hapo kisiki kinakuwa kama koni, na taji linang'oka kwa kutafuna chingamu. Kisiki kikiwa kifupi na kipana, chonga vijifereji viwili kwenye kuta za pembeni. Vinazuia taji kuzunguka na kuchomoka, na havigharimu chochote.

Utaratibu wenyewe: eksirei ya ncha ya mzizi kwanza, hata kama jino haliumi. Kisha rangi inachaguliwa kabla ya ganzi, jino likiwa na mate yake, karibu na dirisha mchana. Jino likikauka hupauka, ukichagua rangi mwishoni mwa kazi utapata taji jeupe kuliko jirani zake. Halafu kipimo cha awali (chapa ya meno inayochukuliwa kwa nyenzo laini) kwa ajili ya taji la muda, ganzi, kuchonga kwa drili yenye maji mengi, uzi mwembamba unazungushwa ndani ya mfuko wa fizi ili kuisogeza, kipimo cha mwisho kwa silikoni au kamera, kipimo cha meno ya upande wa pili (ya taya linalokutana nalo), taji la muda. Wiki moja au mbili baadaye, kujaribu na kugandisha.

Taji la muda si pambo. Bila hilo, jino lililochongwa linasogea, la juu linashuka, fizi inafunika ukingo, na taji likirudi kutoka maabara haliingii. Kliniki inayokuchonga na kukuruhusu uende na kisiki uchi "kwa sababu ni wiki moja tu" inatengeneza tatizo la wiki inayofuata.

Tanuri1500

Upande wa maabara sasa. Kipimo kibovu hakirekebishiki kwa ufundi wowote. Aljineti, ule unga wa kuchukulia kipimo unaokandwa kwa maji, inapoteza maji na kusinyaa; isipomiminiwa plasta ndani ya dakika chache, vipimo vimebadilika. Kwa kuonyesha meno ya upande wa pili inafaa, kwa kisiki cha taji haifai. Silikoni ya kudumu inavumilia siku kadhaa, lakini ina adui mmoja: glovu za latexi. Salfa iliyomo inazuia silikoni isikauke. Ukikuta kipimo kina utelezi usiokauka karibu na ukingo, uliza aliyekanda alikuwa amevaa nini.

La pili ni nafasi. Daktari amechonga 0.7 upande wa mbele na ameagiza chuma chenye poseleni. Fundi ana njia mbili tu: atengeneze jino nene linalosukuma fizi, au apake poseleni nyembamba ambayo tabaka la chini linaonekana, jino likawa jeupe la chaki. Mgonjwa atasema fundi hajui rangi.

Zirkonia inachongwa ikiwa laini, kubwa kuliko saizi yake, kisha inaokwa kwenye tanuri kwa nyuzi joto karibu 1,500 za Selsiasi. Inasinyaa takriban asilimia 20. Kila bonge la zirkonia lina namba yake ya kusinyaa iliyoandikwa na kiwanda. Ukiingiza namba ya bonge jingine kwenye mashine, taji litatoka limebana au linapwaya, na hakuna kusugua kutakaloliokoa.

Chonge

Dokta na fundi, mmezunguka. Mtu wa kawaida achague nini? Na dhahabu je, ile ya wazee wetu wa pwani?

DktShina

Haya. Gego la mwisho lisiloonekana, kisiki kifupi, mtu anasaga meno usiku: chuma au zirkonia ya kipande kimoja. Jino la mbele, kisiki chenye rangi nzuri: litiamu disiliketi, kwa sababu mwanga unapita ndani yake kama kwenye jino. Jino la mbele lenye kisiki cheusi au kigingi cha chuma: hiyo hiyo kupitisha mwanga inakuwa balaa, weusi utaonekana, hapo zirkonia isiyopitisha mwanga au chuma chenye poseleni. Daraja refu la nyuma: chuma chenye poseleni bado kina heshima yake.

Dhahabu kwa gego ni nyenzo bora sana, tusidanganyane. Inachongewa nafasi ndogo, inakaa vizuri ukingoni, haisagi jino la upande wa pili. Shida ni pale mtu anapochonga jino la mbele zima lisilo na tatizo ili livae dhahabu. Jino zima likichongwa halirudi, na sehemu ya meno yaliyochongwa hufa neva miaka kadhaa baadaye bila kelele. Kama ni urembo, kuna vifuniko vya kuvaa na kuvua.

Mwenye mzio wa nikeli, yule anayewashwa na hereni za bei rahisi au chuma cha kufungia mkanda, aseme kabla. Aloi nyingi za bei nafuu ni nikeli na kromu. Aombe kobalti na kromu isiyo na nikeli, au kauri tupu.

Tanuri1500

Nyongeza kwa zirkonia: wengi wanalaumu ugumu wake kwamba inakula jino la pili. Iliyong'arishwa vizuri haina shida. Inayokula ni ile iliyosagwa mdomoni ili kurekebisha mng'ato ikaachwa na mikwaruzo. Baada ya kusaga, ing'arishwe kwa mpira wa almasi hadi ing'ae tena. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayorukwa wakati foleni ndefu.

mkaazi_wa_Tandika

Tuje kwenye daraja, jino bandia linaloshikwa na mataji ya meno jirani. Jino moja halipo, jirani wawili wazima. Daraja au lile la kuvaa na kuvua?

Gego_la_Sita

Jirani wakiwa wazima kabisa, bila kizibo, daraja la kawaida ndilo la mwisho kwenye orodha yangu. Unachonga meno mawili mazima kufidia moja. Jirani wakiwa tayari na vizibo vikubwa au wanahitaji mataji hata hivyo, daraja linakuwa na mantiki. Kipandikizi cha titani hakigusi jirani, ila kinataka mfupa, fedha, na miezi 3 hadi 6 ya kusubiri kishikane na mfupa katika kesi nyingi. La kuvaa na kuvua ni nafuu, linaondoka na kurudi, na kwa kijana wa chini ya miaka 18 ambaye chumba cha neva bado ni kikubwa na taya linakua, ndilo la kumshikilia hadi akomae.

Kuna njia ya nne ambayo watu hawaambiwi: daraja lenye bawa linalogandishwa nyuma ya jino jirani bila kulichonga au kwa kuchonga kidogo sana, maarufu kama daraja la Maryland. Kwa jino la mbele lililokosekana ni chaguo zuri mno. La bawa moja hufanya vizuri kuliko la mabawa mawili, ingawa akili inakataa. Sababu ni kwamba meno mawili hayachezi sawasawa. Bawa moja likibanduka, lile la pili linashikilia daraja, na uozo unakula kimyakimya chini ya lililobanduka. La bawa moja likibanduka linatoka lote, unalirudisha.

DktShina

Daraja la kawaida lina hesabu zake. Tangu 1926 kuna kanuni ya Ante: eneo la mizizi ya meno ya nguzo (yale yanayobeba daraja), iliyo ndani ya mfupa, lisipungue eneo la mizizi ya meno yanayofidiwa. Leo inajulikana kwamba si sheria ya chuma. Nguzo zenye mfupa pungufu lakini fizi safi hubeba madaraja kwa miaka mingi. Bado ni kengele nzuri: ukiona mtu anataka kufidia magego mawili kwa kuegemea gego dogo moja na gego la mwisho linalotikisika, simama.

Urefu ndio muuaji. Kupinda kwa daraja kunaongezeka kwa kipeo cha tatu cha urefu. Meno mawili katikati yanapinda mara 8 ya moja. Matatu, mara 27. Na ukipunguza unene wa daraja nusu, linapinda mara 8 pia. Ndiyo maana kiungo kati ya meno ya daraja la zirkonia kule nyuma kinatakiwa kiwe na angalau milimita za mraba 9 kwa daraja la meno matatu, na kimo chake kiwe kikubwa kuliko upana. Meno mafupi hayatoi kimo hicho. Fundi akilazimisha atashusha kiungo hadi kibane fizi, na hapo hakuna uzi wala brashi itakayopita.

Daraja la kuning'inia, lenye nguzo upande mmoja tu, linafaa kwa jino dogo la pembeni ya mbele likishikwa na chonge. Kuning'iniza gego ni kumpa mtu koleo la kung'olea nguzo yake mwenyewe.

Mama_Nasra_

Wakuu, kuna wanaoweka jino kwa saa moja bila kuchonga chochote, bei ndogo. Wanapaka dawa ya waridi inakauka hapo hapo. Ni daraja hilo?

Tanuri1500

Hapana dada. Ile ni akriliki ya kutengenezea meno bandia, unga na kimiminika, inakandwa na kuachwa igande mdomoni ikiwa imekumbatia meno ya jirani, wakati mwingine na kipande cha waya ndani. Inapoganda inatoa joto, na kimiminika kisichomalizika kuganda kinachoma fizi. Haina ukingo uliofungwa, ina matundu madogo yanayonyonya mate na chakula, na haiwezi kusafishwa chini. Jirani waliokuwa wazima wanaoza kwenye shingo, fizi inavimba na kutoa harufu. Kuitoa ni kuikata kwa drili vipande vipande. Ukiona fundi hana eksirei, hana ganzi, na hakupi cha kuvua ili usafishe, ondoka.

Chonge

Na ndugu zetu wa Arusha na Moshi wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floridi, wavalishe mataji?

DktShina

Taji liwe la mwisho. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya maji kuzunguka Mlima Meru, kama ilivyo pia sehemu za Bonde la Ufa upande wa Kenya, vinapita hapo. Meno yanaharibika yakiwa bado yanaundwa utotoni, kwa hiyo kubadilisha maji ukubwani hakuondoi rangi.

Rangi iliyo juu juu inaondolewa kwa kusugua na asidi laini yenye unga wa kukwangua, sehemu ndogo tu ya milimita. Ikibaki, unafuata kupausha, halafu kompositi, halafu ganda jembamba la mbele. Taji ni kwa jino lenye mashimo na kumegeka kiasi kwamba ganda halina pa kushika. Anayeambiwa achonge meno 10 ya mbele kwa mkupuo akiwa na miaka 20, aende kwa daktari wa pili kabla ya kulipa.

mkaazi_wa_Tandika

Siku ya kugandisha niangalie nini?

Gego_la_Sita

Taji lijaribiwe kwanza bila saruji. Uzi wa meno upite kati yake na jirani kwa kubana, utoe mlio kidogo. Ukipita bila kizuizi, nyama itajaa hapo kila mlo. Eksirei au sindano ya kupimia ukingo ithibitishe hakuna ngazi. Karatasi ya rangi ya kuumia iwekwe meno ya jirani na kwenye taji: alama zilingane. Taji lililo juu hata kwa unene wa unywele litakuuma kila unapotafuna, na jino lililotibiwa mzizi linaweza kupasuka kwa hilo tu. Usiseme "nitazoea". Ganzi ikiisha ukahisi linagusa kabla ya mengine, rudi kesho yake.

Zirkonia inapulizwa kwa unga wa alumina kwa shinikizo dogo, kisha inapakwa praima yake maalumu, kimiminika cha kusaidia saruji ishike. Isisafishwe kwa asidi ya fosfori, maana fosfati inakalia nafasi ya praima. Litiamu disiliketi inatiwa asidi ya haidrofloriki sekunde 20 kisha sileni, kiunganishi cha kauri na rezini. Na kama taji la muda liligandishwa kwa saruji ya mafuta ya karafuu, mabaki yake yasuguliwe yote kabla ya saruji ya rezini, kwani yanaizuia isikauke sawasawa. Saruji iliyozidi chini ya fizi iondolewe yote. Kipande kilichosahaulika kinatosha kuichefua fizi miezi.

Mama_Nasra_

Na likitoka lenyewe je? Watu wanatumia gundi ya viatu.

Gego_la_Sita

Gundi hiyo ina joto, ina sumu kwa neva, na inaharibu ndani ya taji lisirudi tena. Lisafishe, liweke kwenye kikopo kikavu, usilale nalo mdomoni, uende ndani ya siku mbili tatu. Geuza uangalie ndani. Ukiona saruji tupu, kisiki kikiwa kizima, kulirudisha ni rahisi. Ukiona kipande cha jino ndani, kisiki kimekatika; hiyo ni kesi mpya.

Usafi wa kila siku: taji linapigwa mswaki kwenye mstari wa fizi, maana kauri haiozi ila jino lililo chini yake linaoza. Chini ya daraja pitisha uzi wenye ncha ngumu na sehemu ya sifongo, au brashi ndogo ya kati ya meno, ubanie pande za nguzo. Kijiti cha kuchokolea hakifiki.

DktShina

Wenye madaraja ya zamani, kuna kipimo kimoja cha kufanyiwa kila ukaguzi. Daraja likiachia nguzo moja, ya pili inalishikilia na hutajua. Utasikia ladha mbaya tu, au uchungu kidogo ukinywa baridi. Daktari alowanishe ukingo kwa maji, aibinye nguzo kwenda juu na chini kwa kidole huku akitazama mstari wa ukingo. Vipovu vya mate vikitokea, saruji imeachia. Daraja likatwe siku hiyo hiyo kwenye kiungo au litolewe lote, maana nguzo iliyoachia ikiachwa inaoza kwa kasi hadi kubaki tope. Taji lililokatwa kutolewa halirudishwi, kwa hiyo uliza bei ya jipya kabla ya kukaa kitini.